Kompyuta ikusomee ulichochapa: Word, Edge, LibreOffice au NVDA?

MchapajiNyegezi
Habarini wakuu. Nachapa kazi za watu hapa Nyegezi, Mwanza, wengi ni wanafunzi wa chuo cha Malimbe na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) wanaoleta mihtasari ya vikao. Kisahihishi cha tahajia pekee hakinitoshi. Ukiandika "wavivu wa mwalo wa Kirumba" badala ya "wavuvi", kinanyamaza, maana yote mawili ni maneno halali. Kosa la namna hiyo linamdhalilisha mteja mbele ya kikao, na sikio hulikamata upesi kuliko jicho. Nataka kompyuta inisomee Kiswahili huku nikifuatilia karatasi ya mteja. Mnatumia ipi?

BintiBuzuruga
Kama una Word 2019 au Microsoft 365, anza na hiyo uliyonayo. Fungua kichupo cha Review, bonyeza Read Aloud, au tumia Alt+Ctrl+Space. Alt na mshale wa kulia huongeza kasi, wa kushoto hupunguza. Uzuri wake ni kwamba neno linalosomwa linawekewa rangi, kwa hiyo unasimamisha na kurekebisha papo hapo.

Jambo la kuangalia ni lugha. Word hufuata lugha uliyoyawekea maandishi. Yakiwa yameachwa kwenye Kiingereza, Kiswahili chako kitasomwa kizungu na hutaambulia kitu. Chagua maandishi yote, nenda Review, Language, uweke Kiswahili, kisha ujaribu kwanza kama Word yako ina sauti yake. Wenye Word 2010 hadi 2016 wana amri ya Speak, ila lazima uiongeze mwenyewe kwenye upau wa juu, na inasoma kile ulichokichagua tu.

Kijana_wa_Igoma
Kwa utamu wa sauti, kivinjari cha Edge. Hifadhi faili kama PDF, ifungue kwenye Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U, kisha chagua sauti. Kuna Rehema na Daudi kwa Kiswahili cha Tanzania, Zuri na Rafiki kwa cha Kenya. Rehema anasoma kama mtu kabisa, anapumzika kwenye mkato. Nikihariri insha ndefu sichoki kumsikiliza.

BintiBuzuruga
Kweli, Rehema ni mzuri. Lakini PDF huwezi kuirekebisha palepale, unarudi Word kila unaposikia kosa. Na sauti hizo zinatengenezwa mtandaoni: bando likiisha, kimya. Tena maandishi yenyewe yanatoka kwenye mashine yako. Mchapaji akiletewa barua ya matibabu au shauri la mirathi, mimi nisingeipitisha huko.

MtuWaLinux
LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia kama Word, haina kitufe chake cha kusoma. Kuna kiendelezi kinachoitwa Read Text, kinatumia injini ya sauti iliyomo kwenye mashine, kwa mfano eSpeak. Mimi kinanifaa, lakini kukisanidi kunataka uvumilivu. Kwa ofisi yenye foleni ya wateja sikishauri.

MwalimuNansio
Wanangu, mimi sioni, na nafundisha huku Ukerewe, kwa hiyo niongezee upande wangu. Vitufe mlivyovitaja vinasoma maandishi peke yake. Havikwambii uko menyu ipi, dirisha gani limefunguka, wala kishale kiko wapi. Kwetu hilo ndilo jambo lenyewe, na ndiyo maana natumia NVDA, programu inayosoma kila kilichopo kwenye skrini ya Windows. Ni ya bure, ilianza Australia mwaka 2006, na unaweza kuibeba kwenye flashi ukaiwasha kwenye kompyuta ya mtu bila kusakinisha chochote. Inakuja na eSpeak NG ambayo ina Kiswahili na haihitaji mtandao hata kidogo.

Sauti yake ni ya mashine, sikatai. Lakini ukiizoea unaiongeza kasi kuliko mtu yeyote anavyoweza kusema, na kila herufi inabaki wazi. Ndani ya Word, bonyeza kitufe cha NVDA (yaani Insert) pamoja na nafasi, kisha H, unaruka kichwa hadi kichwa. Wanafunzi wangu wasioona wanaandika kazi zao wenyewe na kuzihakiki wenyewe bila kusubiri mtu wa kuwasomea. Naomba kila mwenye chumba cha kompyuta hapa Mwanza aiweke, hata kwenye mashine moja.

MchapajiNyegezi
Shikamoo mwalimu. Nitaiweka wiki hii, na mteja asiyeona akija ataikuta. Naona nitumie Word kwa kazi za kila siku, Rehema kwa tasnifu, na barua za siri nizipitishe kwenye NVDA. Je, nikiwa nasahihisha, inaweza kunitajia na alama za uandishi? Mihtasari ya BMU huja na mikato mahali pasipostahili.

MwalimuNansio
Marahaba. Inaweza. Kwanza bonyeza NVDA+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili na kasi ya chini ya kuanzia. Halafu bonyeza NVDA+P mara kadhaa mpaka ufike kiwango cha alama zote, utasikia kila mkato na kila nukta ikitajwa. Ukimaliza kuhakiki, rudisha chini, la sivyo kusoma kurasa ndefu kutakuchosha.