Mchumba wa mwanangu hali asali, na mume wangu ni mfuga nyuki. Naombeni ushauri

Mama_Sikonge:
Wapendwa, habari za leo. Kijana wangu wa pili anafanya kazi Ujerumani, na Desemba alituletea mchumba wake nyumbani. Binti ana heshima, hata kuamkia amejifunza. Tulishaambiwa kwenye simu kwamba hali nyama, tukajipanga: kuku hakuchinjwa, maharage yakaungwa kwa karanga.

Asubuhi ya pili baba yao akaingia ndani mwenyewe, akatoa sega alilolitunza kwenye ndoo tangu msimu wa kurina. Hatoi sega kwa kila mgeni. Akalikata, asali ikachuruzika mpaka ukingoni mwa sahani, akaisogeza mbele ya binti. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akairudisha taratibu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Asante baba, lakini hii chakula ya nyuki." Mume wangu akaifunika sahani kwa kawa, akatoka kwenda porini kwenye mizinga. Hajasema neno baya, ila tangu siku ile kijana akipiga simu anamsalimia tu, kisha ananipa mimi niongee.

Wanarudi mwezi wa sita, na ndio msimu wenyewe wa kurina. Nielewesheni: asali ina kosa gani? Nyuki hachinjwi. Hata pipi za wajukuu binti alisoma karatasi yake, akaziweka pembeni. Nimlishe nini, na nimwambie nini mume wangu?

Mlowezi_Hamburg:
Shikamoo mama. Huyo ni vigani, na hilo ni zaidi ya kutokula nyama. Chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Msingi wao ni kutomtumia mnyama kwa faida ya binadamu, kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo hawaulizi tu kama mnyama amekufa. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, na kwenye mashamba makubwa ya huku ndama hutengwa na mama yake mapema. Kwenye mayai, vifaranga dume wa kuku wa mayai walikuwa wanauawa siku wanayoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 2022. Binti amekua akisikia mambo haya.

Kuhusu asali, nyuki huiweka akiba ya kula wakati maua hayapo. Nyuki kibarua mmoja maisha yake yote hutengeneza kama sehemu moja ya 12 ya kijiko cha chai. Kwenye ufugaji wa kibiashara wa huku wapo wanaochukua asali na kuwarudishia maji ya sukari, wapo wanaomkata malkia bawa asiruke na kundi.

Pipi nazo zina mambo. Zile za kutafuna nyingi zina jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Ukiona namba E120 kwenye karatasi ya pipi, hiyo ni rangi nyekundu ya wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati, wengi wakitoka Peru; wanakaushwa na kusagwa, na nusu kilo ya wadudu hao wakishakauka ni wadudu kama 70,000. E904 ni ule mng'ao wa juu ya pipi, utomvu wa wadudu wa India na Thailand.

Mrina_Tabora:
Mama, mimi narina tangu utoto na neno la maji ya sukari limenichoma. Mizinga yetu inaning'inia kwenye miti ya miombo, nyuki anaingia kwa hiari yake na akichoka anahama. Mrinaji mwenye akili anaacha masega ndani ili kundi lisihame. Lakini niseme ukweli: wapo wenzetu wanaorina kwa mwenge wa moto. Nimeokota nyuki walioungua chini ya mti, wameshikana kama punje za ulezi, sikupenda. Mzee akiambiwa binti anawaonea nyuki huruma, ataelewa. Yeye mwenyewe anawaonea.

Kaka_Mkweli:
Kama ni hivyo asile hata mchicha, maana shambani dawa inaua wadudu. Mgeni anakula anachopewa.

Mlowezi_Hamburg:
Mkuu, ndiyo maana nimesema kadiri inavyowezekana. Hawadai usafi wa asilimia mia. Na Mwislamu akikataa nguruwe hatumwambii mgeni anakula anachopewa.

Bint_Nyanza:
Mwanza hapa. Nilishangaa kujua kwamba mabondo ya samaki hutumika Ulaya kung'arisha bia, kumbe hata bia wanaichunguza! Mama, chakula unacho tayari: nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) ya karanga, kisamvu cha nazi, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa), uji wa ulezi, wali wa nazi. Chunga tu vinavyojificha: samli kwenye chapati, maziwa kwenye maandazi, dagaa wa kuongezea ladha, na vile vidonge vya mchuzi vya ladha ya kuku.

Nesi_wa_Zamu:
Muulizeni kama anameza vitamini B12, haipatikani kwenye mimea. Akikaa wiki kadhaa asizisahau nyumbani kwao.

Mama_Sikonge:
Mungu awabariki. Jana usiku nimemsomea mzee yote, hata ya Kaka_Mkweli. Nilipofika kwenye nyuki 12 kwa kijiko kimoja akanisimamisha, nikarudia. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilidhani ameona sega langu chafu." Kumbe hicho ndicho kilichomkaa moyoni miezi yote hii! Nimempigia kijana, akamweleza binti, binti akalia kwenye simu, mzee akamwambia nyamaza mwanangu.

Sasa amepanga kumpeleka porini asubuhi nyuki wanapotoka, wakaangalie tu, bila kufungua mzinga. Ameniuliza binti ananizidi urefu kiasi gani, maana vazi la kujikinga tulilonalo ni fupi. Nimemwambia kichwa kizima. Kesho anakwenda kwa fundi kuliongeza kitambaa.