Nina sikoseli, kazi nimeacha, kina mama wa kliniki wananitafuta. Niendelee?

Binti wa Ziwa:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri. Mimi ni dada wa miaka 31, niko Mwanza, nina sikoseli ya kuzaliwa nayo. Nilikuwa fundi cherehani, ila nyonga ya kushoto imeanza kusagika, kukaa mashineni kutwa siwezi tena. Nimerudi kwa mama. Maumivu nimeyazoea. Kinachonimaliza ni kuamka asubuhi na hakuna mtu mwenye shida na mimi kwa lolote.

Mwaka jana, nikisubiri dawa kliniki, kulikuwa na mama kijana analia. Mwanawe viganja na nyayo zimevimba, wakwe wanasema karogwa. Nikamwambia hata mimi nilianza hivyohivyo. Alinikagua kama kitambaa dukani! Hakujua kuwa mtu wa sikoseli anafika umri huu. Tangu hapo nesi akipata mzazi mpya ananiita. Wengine wana namba yangu, wanapiga mpaka saa nane usiku.

Mama yangu hataki hata kusikia, anasema natafuta kulazwa. Na kweli masika nililazwa. Lakini siku nikitoka kule najiona mtu.

Mama Mapacha:
Pole mdogo wangu. Mmoja wa wanangu anayo. Daktari alinieleza yote: foliki asidi kila siku, maji mengi, neti, homa isingoje kesho. Ila haidroksiurea, ile dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, niliikataa, maana nilisikia wagonjwa wa saratani nao wanapewa. Siku nilipomkuta dada mtu mzima mwenye sikoseli benchini, anakula embe na kucheka, akaniambia anaimeza, ndipo nikakubali. Usijichukulie poa, dada.

Mzee wa Kirumba:
Nauli anatoa nani? Wenye mishahara wapo, wewe una nyonga mbovu. Kujitolea huanza na "asante", baadaye ni "mbona jana hukuja?"

Nesi Mstaafu:
Mzee ana hoja, ila tazama pia upande wa pili. Tanzania kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli. Nesi mwenye foleni mpaka mlangoni hawezi kukaa nusu saa na kila mama.

Binti, usiende kienyeji. Mwone mganga mfawidhi, uombe siku moja ya kliniki, kiti na nauli. Usiku simu izimwe. Mtoto mwenye homa saa nane usiku anatakiwa awe njiani kwenda hospitali, na wewe ukipokea unamchelewesha tu. Mambo ya dozi usiyaguse kabisa. Waulize wazazi kama wamefundishwa kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu. Kama hawajui, warudishe kwa nesi awaoneshe. Ikivimba ghafla na mtoto kapauka, wakimbie hospitali. Na ukibanwa na maumivu sema "leo siji", basi, maelezo ya nini?

Mgonjwa Mwenzio:
Niongeze ambalo halijasemwa. Ipo siku mtoto uliyemzoea atafariki. Nilikuwa nakaa na watoto wodini hapa Dar, akaondoka mmoja, nikapotea kabisa. Watu walidhani nimechoka. Kumbe nilikuwa naona zamu yangu. Tafuta wa kumwambia hayo, na asiwe mama yako.

Binti wa Ziwa:
Asanteni sana. Mzee wangu, nauli nitaomba, hilo umenigusa. Mama nesi, shikamoo. Kuzima simu kutaniwia vigumu kuliko yote, maana ikilia usiku ndipo najua kuna anayenihitaji. Lakini hilo la kumchelewesha mtoto limeniingia.

Kaka, huyo mtoto tayari yupo. Wa miaka minne. Ndiyo maana mwezi ule sikwenda kliniki, mama akajua ni nyonga.

Sasa hicho kiti kinaombwa kwa mdomo au kwa barua?

Nesi Mstaafu:
Marahaba. Kwa barua, na nakala uipeleke ustawi wa jamii wa hapohapo hospitali. Taja siku moja tu, wasije wakakupa tano. Na ubebe sweta, benchi za kliniki asubuhi zina baridi.

Mgonjwa Mwenzio:
Binti, angalia meseji.