Rili ya kuvulia samaki ya marehemu babu (Penn Senator): mkono unarudi nyuma, breki inashtuka. Naomba ushauri

Mjukuu_wa_Paraa (Jinja)
Habari zenu wakubwa. Marehemu babu aliendesha boti kule Paraa, chini ya maporomoko ya Murchison hapa Uganda, na rili yake (kifaa cha kuzungushia mshipi) ya kuvulia mputa, yaani sangara, imenifikia mimi. Ni Penn Senator saizi ya 6/0, imekaa kwenye gunia miaka mingi. Mkono unazunguka mbele na nyuma bila kuzuiliwa. Breki nayo haitoi mshipi mpaka uvute kwa nguvu zote, halafu inaachia ghafla. Fundi mmoja wa pikipiki alitaka kuishindilia grisi ya magurudumu, nikamnyang'anya. Nataka ivue tena. Nianzie wapi?

Bisibisi_Katwe
Pole kwa msiba, na ulifanya vizuri kumnyang'anya. Senator zilianza kutengenezwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1936, na muundo wake haukubadilika sana, kwa hiyo usiogope kuifungua.

Mkono kurudi nyuma: ndani kuna kijino kinachosukumwa na springi ndogo king'ate gia isirudi. Mara nyingi hakijavunjika, kimegandishwa na grisi ya zamani iliyogeuka kama gundi. Kisafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha kiguse kwa kidole: kikiruka chenyewe, umepona. Kisiporuka, springi imepinda au imekatika.

Breki ndiyo kazi yenyewe. Chini ya ile nyota (kile kigurudumu cha kukazia breki kando ya mkono) kuna washa, yaani visahani vyenye tundu, zimepangana ndani ya gia kubwa, moja ya chuma, moja laini, hivyo hivyo. Zile laini zikikauka au zikilowa mafuta yasiyofaa, ndipo breki inaposhtuka, na mputa mkubwa akikurupuka mshipi unakatika hapo hapo. Weka mpya za nyuzi za kaboni, na upake grisi maalumu ya breki za rili, nyembamba sana. Zile za zamani usizipige msasa wala kupuliza vumbi lake, maana baadhi ya washa za enzi hizo zilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Piga picha kwa simu kila hatua, panga skrubu kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa, kwa sababu urefu wake haulingani. Bisibisi ijae kwenye mfuo wa skrubu. Vifuniko vya pembeni ni bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani), vinapasuka kirahisi: usigonge, usipashe moto. Skrubu ikigoma, idondoshee mafuta ya kulainisha ulale nayo hadi asubuhi.

Mama_Samaki_Masese
Mwanangu, ukikuta kutu ya kijani kwenye shaba, itoe kwa siki na maji, dakika chache tu, kisha suuza vizuri. Ukiiacha muda mrefu, kromu (ule mng'aro wa juu) inabanduka.

Albert_Buliisa
Ningekuwa wewe ningeipaka rangi mpya ing'ae, na watalii wanapenda vitu vya zamani.

Bisibisi_Katwe
Hapana ndugu yangu. Mikwaruzo ile ni ya mikono ya babu yake. Rangi ikiingia kwenye skrubu hataifungua tena. Mjukuu, angalia pia ile spuli, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi: ni chuma au plastiki?

Mjukuu_wa_Paraa (Jinja)
Ni plastiki, mzee.

Bisibisi_Katwe
Basi usiijaze nailoni iliyokazwa sana. Nailoni inavutika, ikishapigana na samaki inarudi na kuibana spuli hadi ipasuke. Tafuta ya chuma. Na kila ukimaliza kuvua, legeza ile nyota kabla ya kuihifadhi, washa zisikae zimebanwa.

Mjukuu_wa_Paraa (Jinja)
Ahsanteni sana. Jana usiku nimefungua. Kijino kilikuwa kimeganda kama mlivyosema, sasa kinaruka na mkono haurudi nyuma tena. Washa laini ziko tatu, mbili zimepasuka. Nimezipima kwa rula, nitaandika vipimo hapa kesho nikipata intaneti.