Ganzi baada ya goti la bandia: ya kinenani, ya pajani, au ya kuzunguka goti?

BintiRungwe: Shikamooni wakubwa, rika langu mambo. Mama ana miaka 68, mwezi ujao anawekewa goti la bandia hapa Mbeya. Upasuaji wenyewe ni kwa ganzi ya mgongo, hapo hatuna ubishi. Ila tumeambiwa kuna na ganzi ya neva ya kutuliza maumivu baadaye, tena ziko aina aina. Kwetu Tukuyu kutoka mlangoni hadi chooni ni mteremko mtupu, na mvua mnaijua. Mliopitia, ipi nafuu?

Mzee_Makambako: Marahaba binti. Mimi nilichomwa ya kinenani. Usiku ule nililala kama kichanga, sikudanganyi. Asubuhi nikajiona mzima, nikainuka peke yangu kwenda msalani, mguu ukakunjika kama kitenge. Aliyenidaka ni mgonjwa wa kitanda cha pili, naye mkono umefungwa POP.

Mtu_wa_Usingizi: Pole mzee. Neva ya kinenani ndiyo inayoendesha msuli wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti. Ukiilaza, maumivu yanaondoka na nguvu inaondoka nayo. Ya katikati ya paja, kazini tunaiita adakta kanali, inalenga zaidi neva za hisia, kwa hiyo mgonjwa anaweza kusimama na fremu ya kutembelea mapema. Kasoro yake haigusi vizuri nyuma ya goti, ndiyo maana wengine huongeza sindano nyingine huko nyuma. Zote zinataka mashine ya ultrasaundi na mkono uliozoea. Sindano moja ya bupivakaini, dawa yenyewe ya ganzi, hukaa kama saa 12 hadi 24. Ukiachwa mrija mwembamba unasogeza siku mbili tatu, ila lazima awepo mtu wa kuuangalia.

Mhehe_Halisi: Kamwene! Mnakuza mambo. Mama mkwe wangu hakuchomwa neva yoyote. Mpasuaji alichoma dawa kuzunguka goti kabla ya kushona, basi. Kesho yake asubuhi anadai ugali.

Mtu_wa_Usingizi: Hujakosea hata kidogo. Pasipo na ultrasaundi hiyo ndiyo ningeichagua, maana mguu haulegei. Inaweza hata kwenda pamoja na ya pajani, mradi dozi zijumlishwe. Dawa ni za jamii moja, zikizidi mwilini masikio yanavuma, mdomo unakufa ganzi, hata degedege linaweza kuja. Mama akihisi hivyo aseme palepale, asivumilie kwa heshima.

Nesi_Mafinga: Mmemwambia yote isipokuwa saa ya ganzi kuisha! Na kwa bahati mbaya huisha usiku wa manane, wodi imelala. Maumivu yanarudi kwa kishindo na mtu anadhani goti limeharibika. Vidonge vimezwe kabla haijaachia: paracetamol kwa saa zake, siyo kwa kilio. Diklofenaki ni mpaka daktari ajue hali ya figo. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya sindano ya mgongo. Halafu mazoezi: ganzi ipo ili goti likunjwe lingali linakubali, siyo ili alale.

BintiRungwe: Asanteni sana. Ana presha, na diklofenaki hununua duka la dawa kila wiki, sikujua hilo ni la kusema. Nitaomba ya pajani. Mashine isipokuwepo, ya kuzunguka goti. Swali la mwisho, samahani: choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Mzee_Makambako: Aisee, hilo ndilo ungeanza nalo! Tafuta fundi wiki hii. Mimi nilitobolewa kiti cha mbao, kina mikono miwili ya kushikia, tukakiweka juu ya tundu. Mpime mama kwanza: akikaa, goti lisipande juu ya nyonga.

BintiRungwe: Fundi ni mjomba wangu. Anacheka, lakini mbao ameshakwenda kununua.