Wachora ramani, acheni kutuuzia msingi wa kitufe! Jamvi la nyumba ya mbao halibebi nyumba ya tofali

Wakuu salaam,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitazunguka. Ramani zinazouzwa mitandaoni siku hizi, zile za vyumba vitatu, masta, jiko na stoo, nyingi zina ukurasa wa msingi ambao hakuna mtu aliyeuchora. Umechorwa na kitufe. Mchoraji kasimamisha kuta za juu kwenye programu ya kuchora nyumba, kabonyeza "jenga msingi", kachagua jamvi (sakafu ya zege) la kumwagwa pamoja na ukingo wake, kabandika nembo, kauza. Mchoro ukifika saiti, fundi anautazama, anaukunja, anachimba anavyojua yeye. Mwenye nyumba kalipia karatasi tupu.

Ushahidi umo ndani ya michoro yenyewe. Fungua sekisheni ya msingi, ule mchoro unaoonyesha msingi kama umekatwa wima. Ukiona bolti za nanga za nusu inchi kila futi 6, na ubao wa inchi 2 kwa 6 umelazwa juu ya zege, hiyo ni nyumba ya Marekani. Kazi ya bolti hizo ni kuushika ukuta wa fremu ya mbao usihame wala kunyanyuliwa na upepo. Nyumba uliyouziwa ni ya tofali za inchi 6! Bolti zinashika nini?

Programu imetengenezwa kufuata ujenzi wa kwao, sina ugomvi nayo. Jamvi la inchi 4 lenye ukingo mnene kuzunguka nje linafaa Florida, kwenye kiwanja tambarare, na kuta za kugawa vyumba zikiwa fremu za mbao na jipsamu. Ukuta wa namna hiyo wenye kimo cha mita 3 una kilo mia na ishirini hivi kwa mita moja ya urefu. Ukuta wa tofali zisizo na matundu za inchi 6, umepigwa plasta pande zote, kimo kilekile, unazidi tani moja kwa mita. Ukiiachia programu mipangilio yake, inaweka zege la msingi chini ya kuta za nje, na zile za ndani inazikalisha juu ya jamvi la milimita 100 basi. Jamvi linakatika sambamba na ukuta wa korido, kisha nyufa zinapanda kutoka kwenye kona za milango. Hapo fundi anatukanwa kwamba kaiba saruji, wakati kosa lilianzia kwenye kompyuta.

Anayetumia programu hizi na afanye hivi. Kwanza zima ile alama ya kuunda msingi upya kila ukuta wa juu unapobadilika. Ikibaki imewashwa, ukisogeza ukuta kidogo tu marekebisho yako ya chini yanafutwa kimyakimya. Usichague jamvi la kumwaga pamoja. Chagua kuta za msingi zenye zege chini yake, jamvi likae ndani juu ya kifusi. Kisha pitia kuta za ndani mmoja mmoja, kila wa tofali uupe ukuta wake wa msingi na zege lake, upana milimita 600, unene 200, au kama mhandisi atakavyosema kwa udongo wa pale.

Tengeneza aina mbili za ukuta. Wa juu una tofali 150 na plasta 15 kila upande, jumla 180, na leya (tabaka) kuu iwe tofali, isiwe plasta. Wa msingi ni 230, kwa sababu tofali la inchi 18 kwa 9 kwa 6 chini tunalilaza. Wengi wanaharibu hapa: programu inalinganisha nyuso za nje za kuta hizo mbili. Ukuta wa 150 ukipangwa na ukingo wa ukuta wa 230 unatoka katikati kwa milimita 40, na mzigo wa nyumba nzima unaegemea upande mmoja wa msingi. Linganisha katikati kwa katikati, na vipimo vya ukurasa wa msingi vyote viwe vya katikati ya ukuta.

Chora kwa milimita toka mwanzo. Futi 12 ni milimita 3,657.6. Programu ikiandika 3,660, vyumba vinne mfululizo vinazidi karibu milimita 10, na jumla ya nje haikubaliani tena na ya ndani. Na mishazari, vile vipimo vya kona hadi kona ya mkabala, iko wapi? Nyumba ya mita 12 kwa 9 ina mshazari wa mita 15 kamili. Hiyo namba moja inamwokoa fundi anaposeti, na hakuna anayeiandika!

Halafu vyoo. Ukurasa wa msingi usio na mabomba haujakamilika. Bomba la inchi 4 lenye mteremko wa 1 kwa 40 likitembea mita 6 linashuka milimita 150. Likianza milimita 300 chini ya uso wa jamvi, linatokea nje likiwa 450, na mchoro unatakiwa useme linapita kozi (mstari wa tofali) ya ngapi ili tundu liachwe mapema. Usiposema, zege likishakauka anakuja mtu na tindo, anavunja jamvi, anakata BRC (wavu wa chuma ndani ya zege), anachana nailoni ya kuzuia unyevu chini yake, na unyevu unapata njia. Tena choo cha kuchuchumaa kinahitaji jamvi la pale lishuke ili bakuli lizame. Programu inachora jamvi bapa nyumba nzima, ndiyo maana watu wanaishia kupanda kijukwaa chooni ndani ya nyumba mpya.

Kozi_ya_Nne: Mkuu uko sahihi, lakini ramani ya bei ya kutupa unategemea nini? Wateja wenyewe wanataka picha ya mbele tu.

Mleta uzi: Ndugu yangu, bei ikiwa ndogo uza sakafu na picha ya mbele, ukurasa wa msingi uuondoe. Ukiuweka, umemwambia mtu achimbe hapo.

Timazi: Naongezea mteremko. Kitufe kinatoa kimo kimoja cha ukuta wa msingi kote. Kiwanja kikishuka mita 1.2, upande mmoja umezikwa na mwingine unaning'inia. Zege lishuke kwa ngazi zinazofuata kozi: tofali la kulaza milimita 150 na mota ya saruji 15 ni 165, kozi mbili 330, kwa hiyo ngazi nne. Zege la juu lilale juu ya la chini angalau mara mbili ya kimo cha ngazi, yaani 660. Upande wa bondeni kifusi kinasukuma ukuta, tofali tupu hazitoshi, zinahitaji nguzo na mkanda wa zege vilivyopigiwa hesabu.

Mama_Saiti: Na orodha ya vifaa je? Jamvi la mita za mraba 108, programu inagawa kwa karatasi ya BRC A142 ya mita 4.8 kwa 2.4, inasema 10. Karatasi zikipandishana milimita 300 unahitaji 12. Zege ni mita za ujazo 10.8, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni karibu mifuko 70 ya saruji kabla ya upotevu. Kifusi hakitajwi kabisa! Cha milimita 350 ni karibu mita za ujazo 38 kikishashindiliwa, agiza kama robo zaidi, na kishindiliwe kwa tabaka za 150. BRC ikae theluthi ya juu ya jamvi, juu ya vitofali vya zege, isilazwe kwenye nailoni.

Mleta uzi: Asante sana mama. Wachoraji mnaosoma hapa: kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, msiuze mchoro wowote wa jamvi la kitufe. Andikeni kwenye ukurasa kwa herufi kubwa kwamba udongo upimwe na msingi ufanyiwe hesabu na mhandisi, na mchoro usitoke bila hesabu hiyo.