Wiki mbili milimani kwa baiskeli, nataka nirudi na michoro: nishaurini

Kilele_Butu:
Wakuu, salaam. Nimepata likizo ya wiki mbili, nataka kuzunguka milimani kwa baiskeli, nipige kambi na kuchora. Nimepanga kilomita 80 kwa siku. Shida ni kwamba mwezi uliopita nilijaribu siku tatu, nikarudi na mchoro mmoja na nusu. Nikifika penye mandhari nimeshaishiwa, mikono inatetemeka kwa kushika usukani, mstari wa kilele unatoka kama msumeno. Na huo mmoja nilifunga daftari kabla haujakauka. Nilipofungua jioni mlima mzima umehamia ukurasa wa pili, bondeni zimebaki nyuzinyuzi za karatasi.

Rangi za maji au za mafuta? Na muda mnaugawaje? Baiskeli yangu ni ya kawaida, gia nyepesi kuliko zote bado nzito.

Brashi_Mbili:
Mafuta achana nayo, mkuu. Hukaa siku kadhaa hayajakauka, na turubai mbichi kwenye keria ni kujitafutia kilio. Beba rangi za maji za vidonge vikavu na brashi mbili. Kwenye karatasi usifanye ubahili: gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi zaidi ya hapo inajikunja ikilowa. Kabla ya kufunga daftari, gusisha mgongo wa kiganja kwenye karatasi. Ukihisi ubaridi, bado ina maji.

Gia_Ndogo:
80 ni ya tambarare hiyo! Milimani hesabu mita za kupanda. Ukiwa na mzigo, mita 1,000 kwa siku ni nyingi tayari kwa mtu anayetaka mkono utulie. Weka spoketi kubwa zaidi nyuma, na mzigo mzito ukae chini, vifaa vya kuchora mbele kwenye usukani. Ukivifukia chini ya hema hutavitoa, nakuapia.

Mteremko mrefu usikalie breki muda wote. Kama breki zinabana rimu, rimu inapata moto hadi tyubu inaweza kupasuka. Mimi niliwahi kusimama, nikadondosha tone la maji kwenye rimu, likalia chsss! Siku hizi nabana, naachia, nikiona imezidi nasimama ipoe. Michoro yangu mizuri karibu yote nimeipatia kwenye kusubiri huko.

Penseli_2B:
Mmesema vizuri, ila mmesahau saa. Asubuhi jua likiwa chini, vivuli vinaonyesha kila korongo. Saa sita mchana mlima unakuwa bapa, na alasiri mara nyingi mawingu yameshakalia kilele. Sasa wewe asubuhi unakimbiza kilomita, mchana unachora ukungu! Geuza: chora alfajiri palepale ulipolala, ndipo upande baiskeli.

Halafu si lazima umalize kila kitu hapohapo. Turner, yule mchoraji Mwingereza wa mandhari, alipopita milima ya Alps mwaka 1802 alijaza madaftari kwa penseli, rangi za michoro mingi akazitia baadaye. Dakika kumi, kisha andika pembeni "bluu hafifu", "hapa zambarau". Milima ya mbali iache ipauke na iwe ya bluu, maana hewa iliyo katikati ndiyo inayoipaka. Ukiipa kijani cha karibu inakuja kukukalia puani.

Kilele_Butu:
Alfajiri sawa, lakini maji yakiganda kwenye brashi?

Brashi_Mbili:
Tia matone ya pombe kali isiyo na rangi kwenye maji ya kuchorea. Ya KUCHOREA, narudia.

Gia_Ndogo:
😂😂 Umemwahi.

Kilele_Butu:
Haya, 80 imeshuka hadi 35, na kila kambi nalala siku mbili. Spoketi naibadilisha kesho. Huyo mlima uliohamia ukurasa wa pili nimeubandika ukutani. Ukiutazama kwa mbali si mbaya sana.