Naomba ushauri: kwenda hekalu la Tirumala nikiwa na mgonjwa anayepata nafuu

Mtunza Mgonjwa: Wadau, salamu. Niko Chennai, kusini mwa India, pamoja na mama yangu, ambaye alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo na sasa anaendelea vizuri. Kabla hatujarejea Dar es Salaam, mama mwenye nyumba tuliyopanga ametualika twende naye kwenye hekalu la Bwana Venkateswara, mungu wa Wahindu, lililo juu ya vilima vya Tirumala. Naomba anayefahamu anieleze tuvae nini, tupande kwa ngazi au kwa gari, na kama ni vema kusubiri sikukuu yao kubwa. Gari nimeshalilipia malipo ya awali, kwa hiyo sihitaji ushauri wa kwenda au kutokwenda.

Binti Kigamboni: Nilisoma Chennai, na safari ile ni ya saa tatu hadi nne kwa barabara. Mwanamume avae shuka nyeupe ya kiunoni au kanzu fupi na suruali yake. Mwanamke avae sari, au gauni na suruali pamoja na mtandio. Ukivaa kaptura utarudishwa, na simu huingii nayo hekaluni. Ngazi za Alipiri, zinazoanzia chini ya vilima, ni 3,550 katika mwendo wa kilomita 9 hivi. Nilizipanda na wenzangu wa bweni, na hadi leo nawakumbuka akina mama waliopaka manjano na poda nyekundu kila kidato kuanzia chini, wameinama, bila kuruka hata kimoja. Mgonjwa wa moyo apande basi. Isitoshe, mwezi Agosti 2023 chui alimuua mtoto kwenye njia hiyo ya miguu.

Nahodha Mstaafu: Sikukuu kubwa ni Brahmotsavam, siku 9 za Septemba au Oktoba, ambapo sanamu ya Bwana hutembezwa asubuhi na jioni juu ya vipando mbalimbali, na usiku wa Garuda, yaani anapobebwa juu ya tai wake, ndio wenye umati mkubwa kuliko yote. Lakini kisa kinachonigusa mimi ni cha deni. Wanasimulia kwamba Venkateswara alipotaka kumwoa Padmavati hakuwa na fedha, akamkopa Kubera, mweka hazina wa miungu, na mpaka leo sadaka za waumini zinasaidia kulipa riba. Kaka yake, Govindaraja, yuko katika hekalu lake mjini Tirupati, chini ya vilima, amelala na kichwa amekiegemeza kwenye pishi, kwa uchovu wa kupima fedha hizo. Mimi niliikopa SACCOS yetu kwa ajili ya harusi ya binti yangu, na mwezi wa tatu tu walikuwa mlangoni wakiulizia friji. Kubera ni mstaarabu.

Kipanga: Tuache friji ya Nahodha. Mleta mada, wewe na mama yako ni wa dini gani? Nauliza kwa sababu asiye Mhindu hutakiwa kusaini tamko kwamba ana imani na Bwana Venkateswara ndipo aingie kumwona. Jambo hilo hukuligusa kabisa.

Mtunza Mgonjwa: Sikuligusa kwa kuwa sikuliona kuwa kubwa. Sisi ni Wakristo, na mama ni mzee wa kanisa. Habari ya fomu ninaijua, ila yeye bado sijamwambia. Anafikiri tunakwenda kutazama. Mama mwenye nyumba aliweka nadhiri kwamba mama akitoka salama chumba cha upasuaji, yeye atapanda Tirumala akanyoe nywele zote. Sasa anakwenda kuitimiza, na anataka tusimame naye mbele ya mungu wake. Ameniambia kwamba hata APJ Abdul Kalam, rais wa zamani wa India aliyekuwa Mwislamu, alisaini. Saini ni wino tu.

Mchungaji wa Mtaa: Ndugu yangu, kama saini ni wino tu, hati ya nyumba yako nayo ni wino. Huwezi kuwadanganya watu mlangoni mwa ibada yao, ukamdanganya na mzazi wako, kisha jambo hilo ukaliita shukrani. Siwalaumu Wahindu hata kidogo. Wao wanauliza swali la haki kabisa.

Shahidi wa Mbali: Samahani, mimi naona hii ni chai. Mwenye nyumba gani anyoe kichwa kwa ajili ya mpangaji kutoka Tanzania? Halafu anayeuliza kama asubiri sikukuu ameshalipia gari, na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa moyo anatafutiwa ngazi 3,550. Mtu anatunga hadithi hapa, nasi tunamjazia nyama.

Mtunza Mgonjwa: Malipo ya awali hayana tarehe, na niliyekusudia kupanda ngazi ni mimi. Mama alipokuwa chumba cha uangalizi maalumu, mama huyu aliniletea wodini mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, akakaa nami kwenye viti vya korido mpaka asubuhi. Nywele zake zinafika kiunoni, na kila siku huzifunga kwa uzi wa maua ya asmini. Wiki hii ameacha kuyanunua. Usiponiamini, si neno.

Binti Kigamboni: Shahidi, nadhiri ya namna hiyo haishangazi kule. Jengo la kunyolea, Kalyanakatta, hufanya kazi usiku na mchana bila malipo, wapo na vinyozi wanawake, na nywele huuzwa kwa mnada. Wanasimulia kwamba Bwana alipigwa kichwani na mchunga ng'ombe, sehemu ikabaki bila nywele, na binti mmoja aitwaye Neela Devi akakata zake akampa.

Shahidi wa Mbali: Nywele nakubali. Kumficha mama fomu ndiko kunakonifanya niendelee kushuku.

Mtunza Mgonjwa: Basi nitaamua kuhusu saini nikifika kwenye foleni.

Kipanga: Foleni ile si mahali pa kuamulia jambo, nyuma yako watakuwapo maelfu ya watu waliongoja kwa saa nyingi. Sikukuu usizisubiri kabisa ukiwa na mgonjwa: Januari 2025 watu 6 walikufa mjini Tirupati katika msukumano wa kugombea tokeni za kuingia hekaluni kwa sikukuu ya Vaikuntha Ekadashi. Mwulize daktari kama mama anaruhusiwa safari ya barabara yenye kona zile, kisha mweleze mama habari ya tamko kabla gari halijaja. Tamko linahusu kuingia hekaluni, halihusu kupanda mlimani. Akikataa, mnaweza kumsindikiza mwenyeji wenu hadi Kalyanakatta, mkala chakula cha bure katika ukumbi wa mahujaji, naye akaingia ndani peke yake. Hayo mwambieni mwenyeji wenu akiwa bado nyumbani.